Seva ya ofisi ndogo Arusha na Moshi: umeme kwanza, nakala pili, mashine mwisho

Ukitaka mafaili ya ofisi nzima yakae mahali pamoja, hela ya kwanza iende kwenye umeme, ya pili kwenye nakala za akiba, na inayobaki ndiyo inunue kompyuta. Ofisi nyingi hugeuza mpangilio huu. Zinanunua mashine kubwa, zinaichomeka kwenye ekstensheni moja na birika la chai, halafu eksteno (diski ya nje) ya nakala inasubiri mwezi ujao. Umeme ukikatika na kurudi mara tatu mchana mmoja, mashine ya bei kubwa inaungua sawasawa na ya bei ndogo.

Maelezo haya ni kwa ofisi ya watu 5 hadi 15: kampuni ya utalii, ofisi ya wahasibu, wanunuzi wa kahawa, zahanati binafsi. Seva itafanya mambo matatu: kutunza mafaili, kumruhusu kila mtu aingie panapomhusu tu, na kujitengenezea nakala kila usiku. Barua pepe na tovuti ziacheni huko zilikopangishwa. Umeme wa ofisi na intaneti yake haviwezi kubeba mzigo huo, na mteja hatasubiri.

Kwa kampuni za utalii, Aprili na Mei ndio wakati wa kazi hii, wageni wakiwa wachache. Ila hiyo ni masika na radi zipo, kwa hiyo suala la athi (waya unaomwaga umeme uliozidi ardhini) limalizike Machi.

Mahali na umeme

Mwite fundi umeme apime athi ya jengo kabla hujanunua chochote. Nyumba ya kuishi iliyogeuzwa ofisi mara nyingi ina soketi za matundu matatu ambazo waya wa athi hauendi popote. Dalili yake ni kutekenywa kidogo na umeme unapogusa bati la kompyuta. Bila athi, vizuia mawimbi ya umeme ulivyonunua havina pa kuumwagia umeme uliozidi.

Seva iwe na soketi yake peke yake, juu kidogo ya ukuta, isiyofikiwa na mtu anayetafuta pa kuchajia simu. Andika juu yake kwa kalamu nzito: USICHOMOE. Mashine ikae angalau sentimita 30 kutoka sakafuni, kwa sababu ya maji ya deki na vumbi. Vumbi la Arusha wakati wa kiangazi ni laini kama unga na linaingia ndani ya feni. Fungua mashine kila baada ya miezi mitatu, ipulizie nje ya chumba huku ukiwa umeishika feni isizunguke. Moshi tatizo ni joto, hasa Januari na Februari. Chumba kidogo kisicho na dirisha kitapandisha joto la diski. Diski ikisoma nyuzi 30 hadi 45 iko salama. Ikipita 50 kwa siku nzima, tafuta mahali pengine au weka feni ya kutoa hewa.

UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) nunua ya VA 1000 hadi 1500, aina inayorekebisha volti yenyewe bila kugusa betri, na lazima iwe na tundu la USB la kuzungumza na seva. Hesabu yake ni rahisi. Seva ya kawaida yenye diski mbili hutumia wati 50 hivi, ruta na swichi wati 20. UPS yenye betri mbili za volti 12 na Ah 7 itabeba wati hizo 70 kwa muda wa kati ya nusu saa na saa moja betri zikiwa mpya, na pungufu ya hapo zikizeeka. Betri hizo huisha nguvu ndani ya miaka 3 hadi 5; bandika karatasi yenye tarehe uliyozifunga. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kamwe: inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS inakata kila kitu.

Kama ofisi ina jenereta ndogo, jaribu mapema. Jenereta ambayo mzunguko wake hautulii kwenye hezi 50 huifanya UPS iukatae umeme wake na kubaki kwenye betri mpaka ziishe, huku wote mkidhani mko salama. Baadhi ya UPS zina kitufe au mpangilio wa kupunguza ukali huo.

Radi huingia pia kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: waya wa mtandao unaoshuka kutoka kwenye antena ya paani. Weka kizuia radi cha waya wa mtandao mahali unapoingilia ndani, kikiwa kimefungwa kwenye athi. Faiba yenyewe ni kioo, haipitishi umeme. Kama una majengo mawili, unganisha kwa faiba badala ya waya wa shaba.

Kuhusu gharama ya kuiacha ikiwaka: wati 50 kwa saa 24 kwa siku 30 ni yuniti 36 za LUKU kwa mwezi. Mweleze bosi mapema, asije akaamuru izimwe kila jioni, maana nakala zinatengenezwa usiku.

Mashine na diski

Kompyuta ya mezani ya kiofisi iliyotumika, ya aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk, inatosha kabisa kwa watu 15. Tafuta yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi, RAM ya GB 16, na nafasi ya diski mbili kubwa za inchi 3.5. Hapo ndipo wengi hukwama: toleo dogo lenye umbo la kitabu halina nafasi hiyo, kwa hiyo fungua kifuniko dukani uhesabu mwenyewe. Ukiwa na uwezo wa kununua mashine iliyotengenezwa kuwa seva, yenye RAM inayojisahihisha makosa, nunua. Usipokuwa nao, hela hiyo iende kwenye UPS.

Kwenye mashine iliyotumika badilisha betri ndogo ya CR2032 siku hiyo hiyo. Ikiwa imekufa, kila umeme ukikatika kabisa saa hurudi miaka ya nyuma na mipangilio ya BIOS, yaani ile ya msingi ya mashine, inafutika. Ukiwa humo kwenye BIOS, weka mashine ijiwashe yenyewe umeme unaporudi.

Diski zinahitajika tatu: SSD ndogo ya GB 250 kwa ajili ya mfumo, na mbili kubwa za TB 4 zilizotengenezwa kuwaka saa 24, kama Seagate IronWolf au WD Red Plus. Soma karatasi ya maelezo uhakikishe zimeandikwa CMR. Zilizoandikwa SMR huandika taratibu mno zinapojazwa upya baada ya mwenzake kufa, na zinaweza kutolewa kwenye kundi kama zimeharibika. Diski hizi mbili zitabeba kitu kile kile, moja ikifa nyingine inaendelea. Huo ni ulinzi dhidi ya diski kufa tu. Mtu akifuta faili, limefutika kote kuwili sekunde hiyo hiyo.

Mtandao

Swichi ya gigabiti yenye matundu 8 au 16, na waya za Cat6 za shaba tupu. Waya za bei ya chini huwa alumini iliyopakwa shaba. Zikipindwa kwenye kona hukatika ndani kwa ndani. Kipande kimoja kisizidi mita 100. Ukiwa na swichi ya zamani ya megabiti 100, faili la GB 1 litachukua dakika moja na nusu. Kwa gigabiti ni sekunde 10 hivi. Mhasibu na yeyote anayefungua mafaili makubwa atumie waya. Wi-Fi ikikatika nukta moja katikati ya kuhifadhi, faili la hesabu linaweza kuharibika.

Seva ipewe anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika. Ingia kwenye ruta, tazama anwani inazogawa zinaanzia wapi, kisha ichagulie iliyo nje ya mgao huo: ruta ikigawa kuanzia 192.168.10.100, seva iwe 192.168.10.10. Ukiichagulia iliyo ndani ya mgao, siku moja simu ya mgeni itapewa anwani ile ile na ofisi nzima itaipoteza seva bila sababu ya kuonekana. Wageni wanaoomba Wi-Fi wapewe mtandao wa wageni, uliotengwa na wa wafanyakazi.

Kusimika mfumo

Tumia Debian au Ubuntu Server toleo la muda mrefu. Ni bure, halidai leseni kwa kila mtumiaji, na linakaa miaka bila kusumbua. Sababu moja ya kuchagua Windows ni programu ya uhasibu isiyokubali kitu kingine. Uliza muuzaji wake kabla. Wakati wa kusimika, chomoa zile diski mbili kubwa ili usije ukafuta isiyo yenyewe, na chagua SSH (njia ya kuingia kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine) pekee, bila mazingira ya picha ya mezani. Kisha:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo apt install samba smbclient mdadm smartmontools nut restic ufw

Zima mashine, rudisha diski, washa, andika lsblk uone majina yake. Usiamini kwamba sda ndiyo kubwa, tazama ukubwa. Tengeneza patisheni moja kwa kila diski, ukiacha MB 100 mwishoni bila kutumika, kwa sababu diski ya TB 4 utakayonunua miaka mitatu ijayo inaweza kuwa pungufu kidogo na ikakataliwa. Halafu ziunganishe ziwe kundi moja kwa mdadm, kama ni sda na sdb:

sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sda1 /dev/sdb1
sudo mkfs.ext4 -L data /dev/md0
sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u

Ukiruka mistari miwili ya mwisho, mashine ikiwashwa upya diski zitajiita md127 na mtu atadhani data imepotea. Kulinganisha diski mbili za TB 4 kwa mara ya kwanza huchukua saa saba au nane. Unaweza kuendelea na kazi huku ukitazama kwa cat /proc/mdstat.

Tengeneza folda ya kupachikia kwa sudo mkdir -p /srv/ofisi, kisha ongeza kwenye /etc/fstab:

LABEL=data /srv/ofisi ext4 defaults,nofail 0 2

Neno nofail linaifanya seva iwake hata diski zikigoma, ili uweze kuingia na kutengeneza. Ila lina hatari yake: diski zisipopachikwa, /srv/ofisi inakuwa folda tupu kwenye SSD. Ndiyo maana usigawe /srv/ofisi yenyewe kwa watumiaji. Pachika kwa sudo mount -a, tengeneza folda za idara ndani yake, ugawe hizo. Diski zisipokuwepo, folda nazo hazitakuwepo, na hakuna atakayeandika pasipostahili.

Folda na ruhusa

Kaa na bosi na karatasi kabla ya kugusa kibodi. Folda tano zinatosha kuanzia: uhasibu, safari, picha, uongozi, pamoja. Kila moja na kundi lake. Ruhusa wape makundi, siyo mtu mmoja mmoja, la sivyo kila mfanyakazi akihama kitengo utakuwa na kazi ya siku nzima.

sudo groupadd uhasibu
sudo mkdir /srv/ofisi/uhasibu
sudo chgrp uhasibu /srv/ofisi/uhasibu
sudo chmod 2770 /srv/ofisi/uhasibu
sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin -G uhasibu neema
sudo smbpasswd -a neema

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Ikikosekana, Neema atahifadhi ankara ambayo mwenzake hawezi kuifungua, na utalaumiwa wewe. Kisha kwenye /etc/samba/smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, programu inayogawa folda kwa kompyuta za Windows:

[uhasibu]
path = /srv/ofisi/uhasibu
valid users = @uhasibu
force group = uhasibu
read only = no
create mask = 0660
directory mask = 2770
vfs objects = recycle
recycle:repository = .taka/%U
recycle:keeptree = yes
recycle:versions = yes

Mistari minne ya mwisho inaweka ndoo ya taka. Faili lililofutwa kutoka kwenye kompyuta ya Windows kupitia mtandao haliendi kwenye ndoo ya Windows, linapotea moja kwa moja. Hapa linabaki ndani ya folda ya .taka. Isafishe kila mwezi, isije ikajaza diski. Kagua kwa testparm, washa upya kwa sudo systemctl restart smbd.

Folda iliyo wazi bila nywila usiiweke hata kwa ajili ya printa au skana. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 inakataa kuingia kama mgeni, na nusu ya ofisi itakuwa inaingia huku nusu haiingii. Skana ya zamani inayojua SMB1 pekee (toleo la kale la njia ya kugawana mafaili) isikufanye uirudishe SMB1 kwenye seva, maana udhaifu wake ndio uliosambaza kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017. Skana hiyo itume kwa barua pepe au flashi.

Milango ifungwe kwa wasio wa ofisi:

sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 445 proto tcp
sudo ufw enable

Mstari wa 22 utangulie, vinginevyo utajifungia nje.

Kwenye Windows, fungua \\192.168.10.10\uhasibu na uipe herufi, tuseme U:, iwe hiyo hiyo kwa kila mtu. Kosa utakalokutana nalo sana ni lile la namba 1219: mtu aliingia kwanza kwa jina la mwenzake, na Windows haikubali majina mawili kwa seva moja. Andika net use * /delete, futa nywila iliyohifadhiwa kwenye Credential Manager, aingie upya kwa jina lake.

UPS izungumze na seva

UPS bila waya wa USB inachelewesha tu ajali. Programu ya kuzungumza nayo ni NUT. Kwenye /etc/nut/ups.conf weka jina la UPS, driver = usbhid-ups na port = auto; UPS nyingi za bei ya chini hutaka nutdrv_qx badala yake. Kwenye nut.conf weka MODE=standalone, kisha mtumiaji kwenye upsd.users na mstari wa MONITOR kwenye upsmon.conf. Ukiandika upsc na jina la UPS ukaona volti na asilimia ya betri, mmeelewana.

Kwa kawaida NUT huzima seva betri inapotangaza kwamba imekaribia kwisha. Betri iliyozeeka haitangazi: inasema asilimia 60, dakika inayofuata imekufa. Weka kipima muda cha upssched, seva ijizime baada ya dakika 10 za kukaa kwenye betri, hata kama betri inadai ina nguvu. Hakikisha pia POWERDOWNFLAG imewekwa, ili UPS ikate umeme wake kabisa baada ya seva kuzima. Bila hiyo, umeme wa TANESCO ukirudi seva ikiwa imezima lakini UPS bado hai, seva haitaona kwamba umeme ulikatika na haitajiwasha.

Mjaribu siku ya Jumamosi kwa kuchomoa UPS ukutani. Msubiri mpaka mwisho, mwone imezima na imerudi yenyewe.

Nakala

Nunua eksteno mbili za TB 4. Moja iko kwenye seva, nyingine iko nyumbani kwa bosi au kwenye kasha la tawi lingine, na kila Ijumaa zinabadilishana. Moto, mwizi na virusi vinavyofunga mafaili kudai fidia vinachukua kila kilichochomekwa. Eksteno iliyoko mtaani Sakina haiguswi na kilichotokea mjini.

Restic, programu ya kutengeneza nakala, inafaa kuliko kunakili folda kwa programu ya rsync yenye --delete, ambayo ikikuta chanzo kitupu hufuta na nakala pia. Restic hutunza kila siku kivyake, na hufunga kila kitu kwa nywila. Hilo la nywila ni la lazima kwa anayetunza pasipoti za wageni au mafaili ya wagonjwa: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakudai uzilinde, hata eksteno ikiibwa kwenye daladala. Nywila hiyo ikipotea, nakala zote zimepotea nayo. Iandike kwenye karatasi, iweke kwenye bahasha, bahasha mbili, mahali pawili.

Zipe eksteno zote mbili lebo moja, nakala, uipachike lebo hiyo kwenye /mnt/nakala. Anzisha kila moja kwa restic init, kisha weka skripti hii iendeshwe kila usiku na cron, kipanga ratiba cha mfumo:

mountpoint -q /srv/ofisi || exit 1
mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1
export RESTIC_PASSWORD_FILE=/root/nywila-nakala
restic -r /mnt/nakala/restic backup /srv/ofisi
restic -r /mnt/nakala/restic forget --keep-daily 14 --keep-weekly 8 --keep-monthly 60 --prune

Mistari miwili ya juu inazuia skripti kunakili folda tupu, au kujaza SSD pale mtu aliposahau kurudisha eksteno. Miezi 60 nimeiweka kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Kwenye cron, saa 8 usiku huandikwa 2. Ukiandika 8 nakala zitaanza saa 2 asubuhi watu wakifungua ofisi.

Kila mwezi rudisha folda moja na uifungue mwenyewe:

sudo restic -r /mnt/nakala/restic restore latest --target /tmp/jaribio --include /srv/ofisi/uhasibu

Fungua faili la hesabu, lisome, tazama tarehe yake. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu kama nakala.

Kuingia ukiwa nje ya ofisi

Bosi yuko Karatu na anataka bei za mwaka huu. Usifungue mlango 445 (wa mafaili) wala 3389 (wa kuendesha Windows kwa mbali) kwenye ruta. Unagongwa na wavamizi ndani ya saa chache. Tumia WireGuard, njia ya siri ya kuingia ofisini kupitia intaneti, kama mtoa huduma wako anakupa anwani ya umma. Kwa intaneti ya laini ya simu kwa kawaida hupati anwani hiyo, unashiriki moja na wateja wengi, kwa hiyo Tailscale, huduma ya aina hiyo hiyo isiyohitaji anwani ya umma, ndiyo itakayopita.

Diski ikifa

Weka barua pepe yako kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, na hakikisha seva inaweza kutuma barua, maana diski moja ikifa kazi inaendelea kama kawaida na hakuna atakayejua mpaka ya pili ife. Kwenye /proc/mdstat utaona [U_] badala ya [UU]. Soma namba ya utambulisho (serial number) ya diski iliyo hai kwa sudo smartctl -i /dev/sda ili utoe iliyokufa na siyo iliyo hai. Bandika namba hizo kwenye kifuniko siku ya kwanza. Zima, badilisha, igawe diski mpya patisheni sawa na mwenzake, kisha:

sudo mdadm --manage /dev/md0 --add /dev/sdb1

Kabla ya amri hiyo, endesha nakala ya restic kwanza. Saa hizo nane za kujaza diski mpya ndizo zinazoitesa ile ya zamani kuliko wakati mwingine wowote, nayo ina umri ule ule wa iliyokufa.